Shahidi wa Nyumba ya Kizunguzungu

Ijumaa hiyo, saa saba na nusu mchana, Vivian Okoth alifungua mlango wa mbele kwa ufunguo wake, akaita, "Daktari, nimerudi!"

Hakujibiwa. Stima ilikuwa imepotea tangu asubuhi, na ndani kulikuwa giza kama la ghalani. Macho yake, yaliyotoka kwenye jua kali la Malindi, yalichukua muda kuzoea. Yalipozoea, aliona mwanamke ameketi sakafuni chini ya ngazi, amekipakata kichwa cha mwanamke mwingine. Leso yake ilikuwa imelowa damu.

Aliyepakatwa alikuwa Dakta Radhia Abdurahman, mwenye utafiti. Aliyempakata alikuwa Kadii Ziro, mgonjwa kutoka Ganze.

"Anapumua," Kadii alisema. "Niitie watu, mwanangu. Bado anapumua."

Kabla Vivian hajapiga hatua, sauti ya mwanamume ilipasuka kutoka chumba cha kupumzikia, mkabala na ngazi.

"Usimwache huyo akatoka! Yeye ndiye aliyemsukuma! Nimemwona kwa macho yangu haya!"

Inspekta Everlyne Dzombo alipofika, daktari alikuwa ameshachukuliwa na gari la wagonjwa, na uchochoro umejaa watu waliotoka kusali. Nyumba yenyewe aliijua kwa kupita tu: gorofa moja ya kale nyuma ya soko, kuta za chokaa, iliyokodiwa na chuo kimoja kwa ajili ya utafiti. Walikuja watu waliopoteza mizani ya mwili, wale ambao dunia huwazunguka au miguu yao haijui sakafu iko wapi, wakafundishwa mazoezi, na daktari akapima kama mazoezi hayo yanawafaa. Madereva wa bodaboda waliiita Nyumba ya Kizunguzungu. Ukisema hivyo tu, unafikishwa mlangoni.

"Daktari wa watu wasianguke, naye kaanguka," alisema Koplo Kioko, akimulika ngazi kwa simu. "Mungu ana vituko, Afande."

"Mungu hakuwepo hapa na mikono," Everlyne alimjibu. "Mulika kuta."

Ngazi zilikuwa za mawe, nyembamba, wima, bila dirisha wala cha kushikia. Juu palikuwa na ofisi ya daktari peke yake. Chini palikuwa na sebule ya kungojea, chumba cha vipimo, chumba cha kupumzikia na mlango wa ua. Ua ulizungukwa na ukuta mrefu wenye vigae vya chupa juu yake. Mlango wa mbele hufungwa mchana watu wanapokwenda kula na kusali. Funguo zilikuwa mbili: moja ya daktari, ambayo ilikutwa mfukoni mwake, na nyingine ya Vivian.

Kwa hiyo aliyefanya jambo hili alikuwa ndani, au alikuwa na ufunguo. Everlyne alianza na aliyedai kuona.

Bwana Sufyan alikuwa mtu wa makamo, kanzu safi, ndevu zimechongwa vizuri, mmoja wa wenye mashamba ya Magarini. Alikuwa bado kitandani, amejishikilia godoro kama mtu aliye kwenye chombo baharini.

"Pole, mzee. Utaweza kusema nami?"

"Nitasema, binti, lakini usinitingishe kitanda. Kizunguzungu kilinishika tangu saa sita. Hata Ijumaa sikwenda. Kichwa siwezi kukiinua."

"Ulimwona nani?"

"Yule Mgiriama." Aliyaona macho ya Everlyne. "Yule mwanamke wa Ganze. Mlango ulikuwa wazi, nami niko hapa hapa nimelala, nazielekea ngazi. Alitoka ua, akapita, akapanda mbio. Leso kaishika kwa mikono miwili, hivi, kaipandisha isimkwaze. Kisha nikasikia maneno juu. Daktari akasema, 'Toka, toka.' Halafu kishindo. Innalillahi! Nikataka kuamka, nyumba ikanigeuka juu chini."

"Alishuka akikimbia pia?"

"Alishuka akaja kumpakata, aonekane mwema. Hawa watu, binti, wanajua kulia."

 Everlyne mwenyewe alikuwa Mgiriama wa Kaloleni, na neno "hawa watu" alishalisikia mara nyingi kiasi cha kulijua linakokwenda. Lakini alijua pia kwamba mtu mwenye dharau anaweza kuwa shahidi wa kweli. Aliandika yote kama yalivyosemwa.

Kadii alihojiwa ua, akiwa ameketi kwenye kigoda na mgongo umegusa ukuta. Everlyne alimwamkia kwa Kigiriama, na mwanamke yule akaanza kulia papo hapo.

"Nilikuwa hapa nafanya mazoezi yangu," alisema. "Natembea huku nageuza kichwa. Nikasikia kitu kizito kimeanguka. Nikaenda taratibu, naupapasa ukuta. Nikamkuta."

"Ulipanda juu?"

"Juu sijapanda siku hata moja. Daktari hunishukia mwenyewe."

"Mlikuwa na ugomvi?"

Kadii aliyafuta macho kwa kiganja. "Asubuhi aliniambia nisije tena mpaka mwezi ujao. Nikamwambia, daktari, unanifukuza? Nikapandisha sauti. Nikisimama mazoezi, nitaharibika tena. Unajua kwetu maji yako wapi? Mimi sasa siwezi kutwika mtungi, nayumba njia nzima. Mavyaa wangu, mama wa mume wangu, anasema nimeanza kunywa mnazi. Watoto wangu ndio wanaoteka, nami nakaa nyumbani kama kuku mwenye mdondo. Ndiyo, nilipaza sauti. Lakini kumsukuma?"

Palikuwa na ugomvi, palikuwa na damu, na palikuwa na shahidi. Mkuu wa kituo hakutaka zaidi. "Mweke ndani," alisema kwenye simu. "Jumatatu asubuhi anafikishwa mahakamani. Na ombeni yule daktari asife, maana akifa shtaka litabadilika."

Jioni, Kioko alikuja kwenye meza ya Everlyne akitikisa kichwa.

"Afande, yule mama wako wa Ganze amekunywa nini? Nimemfungia seli ya nyuma, ile isiyo na dirisha. Alipopiga hatua tu akaanguka kama gunia. Sasa anatambaa kwa magoti, ananiomba taa."

"Ulimpima pombe?"

"Hanuki pombe. Ndilo linalonishangaza."

Everlyne alikwenda mwenyewe. Alifungua mlango wa seli, mwanga ukaingia, na Kadii, aliyekuwa ametandaza mikono yote miwili sakafuni, aliinuka taratibu akasimama. Alisimama sawasawa. Everlyne aliusukuma mlango kidogo, mwanga ukapungua. Mwanamke yule akaanza kuyumba, akautafuta ukuta kwa viganja.

"Usinifungie, mwanangu," alisema. "Gizani sijui chini ni wapi."

Everlyne aliagiza ahamishwe seli ya mbele, penye dirisha. Usiku huo maneno ya Sufyan yalimrudia: alipanda mbio, leso kaishika kwa mikono miwili. Ngazi zile zilikuwa na giza gani? Yeye mwenyewe, mzima, alikuwa amezipanda akiupapasa ukuta.

Lakini shaka si ushahidi. Huenda mwanamke alikuwa mwigizaji hodari. Na alikuwapo mwingine mwenye ufunguo.

Jumamosi saa tatu asubuhi alimkuta Vivian katika chumba cha vipimo, macho yamevimba.

"Jana mchana ulikuwa wapi?"

"Nilikwenda kula. Hoteli ya hapo sokoni."

"Ulikula nini?"

"Wali. Wali na maharagwe."

"Mwenye hoteli anasema hakukuona. Na anakujua vizuri. Anasema wewe ni wa mahamri na mbaazi, wali huutaki."

Vivian aliinamisha kichwa. Everlyne alivuta kiti akaketi karibu naye.

"Sikia, dada. Majirani walisikia mkigombana Alhamisi, wewe na daktari. Una ufunguo. Umenidanganya. Niambie, ungekuwa mimi ungefikiri nini?"

"Makala," Vivian alisema kwa sauti ndogo. "Makala ya utafiti. Mwaka mzima nimepima wagonjwa mimi, nimewafuata mpaka Ganze na Magarini. Alhamisi naisoma rasimu, jina langu halimo. Nilimwambia maneno mabaya. Jana mchana nilikaa kwenye duka la simu, nikampigia msimamizi wetu chuoni kumshtaki. Nilikaa pale muda wote nikilalamika, naye daktari wangu alikuwa anavuja damu. Niliona haya kusema."

Kioko alikwenda dukani. Mwenye duka, mama mmoja mcheshi, alithibitisha: msichana alikaa kwenye benchi lake tangu watu walipoanza kwenda msikitini hadi walipotoka, akalia, akaongea, akapewa maji. "Hata nilimwambia, mwanangu, hakuna mwanamume wa kuliliwa hivyo," alisema. "Akanijibu ni makala. Mimi nikadhani Makala ni jina la huyo mwanamume."

Vivian akatoka kwenye orodha ya washukiwa. Wakabaki wawili: mwanamke wa Ganze, na mzee asiyeweza kuinua kichwa.

"Nifundishe," Everlyne alimwambia Vivian aliporudi chumbani. "Kadii anaumwa nini?"

"Alipata homa ya uti wa mgongo. Ikamharibia masikio ya ndani, yote mawili. Ndani ya sikio ndimo mna kipimo kinachoujulisha mwili uko wima au umeinama. Chake kimekufa. Sasa anasimama kwa macho na kwa nyayo peke yake. Mzimie taa, au mfumbe macho, ataanguka. Mazoezi yanaufundisha ubongo kutumia vilivyobaki. Alikuwa anaendelea vizuri sana. Daktari alimpa likizo ya mwezi ili tuone kama atadumu bila sisi. Ni sehemu ya utafiti. Hakueleweshwa vizuri."

"Anaweza kuigiza hivyo?"

"Kuanguka mtu anaweza kuigiza. Lakini tulimpima macho kwa miwani ya kamera. Macho hayaigizi."

"Na gizani, kwenye ngazi zile, apande mbio bila kugusa ukuta?"

Vivian alimtazama kama aliyeulizwa kama samaki anaweza kupanda mnazi. "Hata mchana, na taa ikiwaka, angepanda kwa kutambaa."

 Kwa Everlyne, jambo moja lilikuwa limeshakaa sawa: Sufyan hakuona alichosema ameona. Kwa nini basi aseme?

"Na Bwana Sufyan?"

"Ugonjwa wake ni mwingine. Ndani ya sikio mna vijiwe vidogo mno, kama chembe za mchanga. Vikitoka mahali pake, mtu akigeukia upande ule mbovu, dunia inazunguka na macho yanaruka-ruka. Yeye hulalamikia sikio la kulia. Ugonjwa huu kwa kawaida tunautibu kwa kumgeuza mtu kichwa mara chache, akaenda zake. Yeye hajapona miezi yote hii."

"Macho yake yanaruka?"

"Hatujui. Kila tukimlaza upande wa kulia, anapiga kelele na kufumba macho kwa nguvu. Ndipo daktari akaagiza avishwe ile miwani; humo hata ukifumba, kamera inasubiri ufumbue. Jana alasiri angevishwa." Vivian alipunguza sauti. "Daktari alikuwa amechoka naye. Barua zake ndizo zinazoahirisha kesi ya mzee kwa kadhi. Kwamba hawezi kusafiri wala kusimama mbele ya mahakama."

"Kesi gani?"

"Ya mirathi. Na mtoto wa ndugu yake."

Kabla ya kuondoka, Everlyne aliingia chumba cha kupumzikia peke yake. Kitanda kilikuwa kimebana ukuta wa kushoto, mto upande wa dirisha. Alivua viatu, akalala chali. Aliona dari, na ukingo wa juu wa mlango, basi. Ili azione ngazi ilimbidi ajigeuze ubavu wa kulia kabisa, mpaka sikio likaguswa na mto.

Alibaki amelala hivyo kwa muda, akizitazama ngazi.

Mchana huo walikwenda Magarini. Aaliya, yule mtoto wa ndugu yake Sufyan, alikuwa mwalimu wa chekechea, mwembamba, mwenye sauti ya chini, akiishi na mama yake mjane ukingoni mwa shamba la mikorosho. Aliwakaribisha barazani, akaleta maji na madafu.

"Shamba hili lilikuwa la baba na ami Sufyan, nusu kwa nusu," alisema. "Baba alipofariki, ami akasema tungoje. Tukangoja. Kisha tukaona watu wanakuja kupimiwa viwanja. Ndipo tukaenda kwa kadhi. Mara ya kwanza ami mgonjwa. Mara ya pili mgonjwa. Kila kesi inapoahirishwa, kipande kinakwenda. Itakaposikizwa, tutagawana vumbi."

"Umewahi kumwona ami yako akiwa na kizunguzungu?"

"Nimesikia tu. Huko Malindi wanasema husalia kitini, hawezi kusujudu."

"Na huku?"

Aaliya alisita, kumsema ami yake mbele ya wageni hakukuwa jambo jepesi. Mama yake, aliyekuwa amenyamaza pembeni akichambua mchele, ndiye aliyejibu.

"Jumapili iliyopita alikuja na wanunuzi. Alasiri ikamkuta hapa. Nikamtandikia mkeka huo huo ulioukalia. Alisali rakaa zote nne, paji la uso chini, akainuka kama kijana wa miaka ishirini. Mimi nikasema moyoni, alhamdulillahi, shemeji yangu kapona."

Kioko alikohoa ndani ya dafu lake.

Simu ya hospitali iliwakuta njiani wakirudi. Daktari alikuwa bado hajitambui, na uvimbe kichwani haujapungua. Everlyne aliizima simu, akatazama nje. Alijua sasa ni nani. Lakini alichokuwa nacho ni neno la shemeji mwenye kesi, na ujuzi wa msichana aliyekuwa ameshadanganya mara moja. Wakili yeyote angevipangusa kama makombo.

"Tumkamate tu," Kioko alisema.

"Atasema alikuwa amepata nafuu Jumapili, Ijumaa ukamrudia. Ugonjwa wenyewe huja na kuondoka. Nataka aseme mwenyewe kwamba hajapona. Kisha nataka aonyeshe."

Jumapili saa nne asubuhi, Bwana Sufyan alishuka kutoka tuktuk mbele ya nyumba ya utafiti, ameshikwa mkono na dereva. Alikubali kuja bila ubishi. Everlyne alikuwa amemwambia kwamba faili la mahakama linahitaji maelezo ya shahidi mkuu mahali penyewe, na neno "mkuu" lilimkaa vizuri. Ndani aliwakuta Vivian na Kioko. Stima ilikuwa imerudi, lakini Everlyne aliizima taa ya ngazini.

"Shikamoo, mzee. Waonaje leo?"

"Marahaba, binti. Si vizuri. Nimekuja kwa ajili ya haki tu."

"Kizunguzungu bado?"

"Bado! Asubuhi hii hii nimegeuka kitandani upande wa kulia, chumba chote kikazunguka. Upande huo kwangu ni haramu. Muulize huyu msichana."

"Pole sana. Basi hatutakuchosha. Koplo, umeandika hilo?"

"Nimeandika, Afande. Upande wa kulia, haramu."

Wakaingia chumba cha kupumzikia. Sufyan alijilaza chali, akaguna, akafumba macho.

"Hebu tueleze tena. Ulimwona wapi kwanza?"

"Akitoka mlango wa ua."

"Kutoka kitandani waweza kuuona mlango wa ua? Wakili wake atauliza. Mimi nilijaribu, sikuuona."

"Kwa nini usiuone? Waonekana."

"Mimi naona dari tu. Pengine ni urefu wangu. Huyo wakili ni mtu mchokozi, mzee. Atasema ulikuwa umelala usingizi, ukaota."

"Niliota mimi?" Sauti ya Sufyan ilipanda. "Njoo hapa. Inama, utazame." Akajigeuza ubavu wa kulia kwa mkupuo mmoja, sikio likazama kwenye mto, mkono umenyooka. "Ule si mlango? Katoka pale. Kapita pale kwenye ile nguzo. Kafika kipandio cha kwanza, kaishika leso hivi. Nilimwona kama ninavyokuona wewe! Mwambie huyo wakili aje alale hapa aone!"

 Kidole chake kilibaki hewani, kikielekea ngazi. Macho yake makubwa ya kahawia yalikuwa yamefumbuka kabisa, yametulia mahali pamoja.

Vivian alikuwa amechuchumaa mbele yake, uso kwa uso.

"Hayaruki," alisema. "Afande, hayaruki hata kidogo. Wagonjwa wangu wote wa namna hii, nikiwageuza hivi, hunishika shati mpaka vifungo vinakatika. Yeye anaongea."

Kuelewa kulimjia Sufyan polepole. Aliurudisha mkono. Kisha, akiwa amechelewa, akafumba macho na kuguna.

"Acha, mzee," Everlyne alisema, si kwa ukali. "Amka uketi."

"Nimepata nafuu kidogo sasa hivi..."

"Umesema asubuhi hii. Koplo ameandika. Sikiliza nikwambie kilichotokea, nikikosea unisahihishe. Ulimchagua Kadii kwa sababu alikuwa karibu, na kwa sababu ulidhani neno lake halitashinda lako. Lakini hukuwahi kumtazama. Miezi yote hii mmeketi sebule moja, wewe unaigiza ugonjwa na yeye anao, hukuona hata siku moja jinsi anavyotembea. Ungemtazama ungejua kwamba gizani hawezi kupanda ngazi. Ungesema ametambaa, pengine ningekuamini."

Sufyan aliutazama mlango.

"Vivian alikuwa kwenye benchi la mama wa duka la simu. Kadii hakupanda. Mlango umefungwa kwa nje. Nani amebaki, mzee?"

"Daktari mwenyewe aliteleza."

"Ijumaa ulisema alisukumwa. Ulimwona kwa macho yako haya."

Bwana Sufyan aliketi ukingoni mwa kitanda, miguu chini. Alipoongea tena, ile lafudhi ya fahari ilikuwa imemtoka.

"Nilipanda kumwomba. Barua moja tu ya mwisho. Nikamwambia, binti, wewe ni mtoto wa watu, Muislamu mwenzangu, nisitiri. Akasema atanivisha miwani yake, kisha amwandikie kadhi ukweli. Nikamwambia, viwanja vimeshauzwa, watu wameshajenga misingi, unataka nikawaambie nini? Akanijibu, kawaambie ulivyowaambia mayatima. Akanipita aje kumngoja huyu msichana chini. Nilimshika mkono, akauvuta. Nikamsukuma." Alitazama viganja vyake. "Sikujua ngazi ziko karibu hivyo. Giza lilikuwa..."

"Ulimpita akiwa chini?"

"Nilimruka."

Vivian aliinuka akatoka ua, wakamsikia akilia huko nje. Kioko alifungua pingu, akamvisha mzee.

Kadii aliachiliwa saa nane mchana. Everlyne alimrudishia leso yake, iliyofuliwa na askari mmoja wa kike. Hospitali ilikuwa imepiga simu tena: daktari alikuwa amefumbua macho, akataja jina la mama yake. Alikuwa anauliza kwa nini kitanda kinamzunguka.

"Atahitaji mazoezi," Kadii alisema. Halafu akabaki amesimama pale kaunta.

"Uko huru, mame. Koplo atakupeleka steji."

"Nikiteremka kule peke yangu, nani ataniamini? Nimeondoka kwenda hospitali, nikalala polisi. Mavyaa alisema mlevi. Sasa atasema mlevi na muuaji. Atanirudisha kwetu, na watoto atabaki nao." Alimtazama Everlyne usoni. "Wewe una magwanda. Nenda ukamwambie."

Haikuwa kazi ya inspekta. Faili la Sufyan lilikuwa bado wazi mezani. Everlyne alichukua ufunguo wa gari.

Walifika Ganze jua likianza kulegea, vumbi limewapaka nyusi. Mwanamke mzee alikuwa mlangoni mwa jiko, na nyuma yake watoto watatu, wamesimama wakitazama gari la polisi kama linavyotazamwa jeneza. Hakuna aliyewakaribisha. Everlyne alivua kofia, akapiga goti kidogo, akaamkia kwa Kigiriama kama mtoto wa watu. Kisha alieleza yote, tangu homa iliyoyaharibu masikio hadi giza la seli. Alisema neno mlevi si kweli, na neno muuaji si kweli, na kwamba yeye kama afisa wa serikali yuko tayari kulirudia mbele ya baraza la chifu.

Mavyaa yule alisikiliza mpaka mwisho bila kupepesa. Halafu alimtazama mkamwanawe, ambaye alikuwa bado ndani ya gari, mkono kwenye kitasa, asithubutu.

"Gizani haoni chini?" aliuliza.

"Haoni, mame."

"Na mimi nilikuwa nikimfokea akale gizani, nisimalize mafuta ya taa." Akageuka kuwatazama watoto. "Mmoja aniwashie koroboi, sasa hivi, jua lisije likatuacha. Na wewe Kadii, mbona umekaa humo kama mgeni? Shuka."